Majitu mekundu ya angani na eksirei zilizofukiwa

Masika yakishakatika na kusi likashika, anga la Tanga hutakata. Mwezi wa Juni, mnamo saa mbili usiku, mtu aliyesimama Raskazone akatazama kaskazini ataona juu sana nyota ya manjano iliyoelekea wekundu, inayong'aa kuliko zote za upande ule. Hiyo ni Arcturus. Akigeukia kusini mashariki atakuta Antares, nyekundu zaidi. Kusini kabisa Msalaba wa Kusini unakuwa umesimama wima, na nyota yake ya juu, Gacrux, ina wekundu ukiilinganisha na zile tatu nyeupe zinazoukamilisha.

Zote tatu ni nyota zilizozeeka zikavimba. Arcturus na Gacrux ni majitu mekundu. Antares imepita hapo, ni jitu kuu. Kipenyo cha Arcturus ni mara 25 ya kile cha Jua, cha Antares ni karibu mara 700. Na wekundu wao usikudanganye ukadhani ni moto mkali. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi, wa Arcturus 4,000, wa Antares 3,400. Kwa nyota, nyekundu ndiyo rangi ya ubaridi.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza ukiuliza swali la pili. Mbona majitu haya karibu hayana eksirei kabisa, ilhali mengine yanayokaribiana nayo kwa ukubwa hutoa eksirei nyingi kulishinda Jua mara elfu na zaidi? Nitakalolitetea hapa ni kwamba eksirei za jitu si habari za joto la uso wake. Ni habari za mzunguko wake, za maisha aliyopitia, na za jirani anayeishi naye. Na zinapokosekana, pengine hazijakosekana: zimefukiwa.

Inabidi tuanze na Jua, maana ndiyo nyota pekee tunayoiona kwa karibu. Uso wake tunaouona huitwa fotosfia. Juu ya fotosfia kuna tabaka jembamba, unene wa kilomita 2,000 hivi, liitwalo kromosfia. Juu ya hilo kuna korona, gesi hafifu mno iliyotanda mamilioni ya kilomita. (Waliochoshwa na neno hilo mwaka 2020 wajue kwamba korona ya Jua ndiyo ya kwanza, kirusi kilipewa jina kwa kufanana nayo.)

Kwa kawaida ukijitenga na moto unatarajia joto lipungue. Jua huanza hivyo, joto likashuka hadi nyuzi 4,000 na kitu juu kidogo ya fotosfia, kisha likabadili mwendo. Ndani ya kromosfia linapanda hadi nyuzi elfu kumi na zaidi, halafu ghafla, katika umbali mfupi tu, linaruka hadi milioni moja na kuendelea.

Jambo hili halikukubalika upesi. Katika kupatwa kwa Jua mwaka 1869, wanaanga wa Marekani waliuona mstari wa kijani ndani ya mwanga wa korona, mstari usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Mwaka mmoja nyuma, kupatwa kwa Jua kulikoonekana India kulikuwa kumewapa watu mstari wa njano wa heli, elementi mpya kweli, kwa hiyo wengi wakadhani wamepata nyingine, wakaiita koronia. Koronia iliishi vitabuni kwa miaka 70 hivi. Mapema katika miaka ya 1940 Bengt Edlén wa Sweden alionyesha kwamba mstari ule ni wa chuma, chuma hikihiki cha misumari, ila kimepokonywa elektroni 13. Chuma hakipokonywi elektroni zote hizo kwa joto dogo. Lazima lipite nyuzi milioni moja. Na gesi yenye joto la namna hiyo haing'ai sana kwa mwanga wa macho. Hung'aa kwa eksirei.

Waliosafiri hadi Rujewa, Mbarali, Septemba 1, 2016 hawakuiona korona, japo walichokiona hakisahauliki. Kule Mwezi ulibakisha pete ya Jua, na pete hiyo peke yake inatosha kuufunika mwanga dhaifu wa korona. Korona hutaka Jua lifunikwe lote. Nafasi ya karibu kwa upande wetu ni Agosti 2, 2027, kivuli kitakapopita Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia.

Nini basi kinachoipasha joto korona? Haiwezi kuwa joto la uso lililopanda lenyewe, kwa sababu joto halitoki palipo baridi likaenda palipo moto. Nishati inabebwa na sumaku. Chini ya uso wa Jua gesi inachemka, inapanda na kushuka, na gesi hiyo imechajiwa umeme, kwa hiyo inauburuta uga wa sumaku kila iendako. Uga huo unachomoza juu kwa umbo la matao, miguu yake ikisukwasukwa na mchemko wa chini. Matao yanasokotana, yanatikisika kwa mawimbi yaliyotabiriwa na Hannes Alfvén mwaka 1942, yanakatika na kujiunga upya, na kila yanapokatika yanaachia nishati. Mawimbi yanachangia kiasi gani na kukatika kwa matao kunachangia kiasi gani, hapo bado wataalamu wanabishana. Chombo cha Parker, kilichopita kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni pa Jua Desemba 24, 2024, kilitumwa huko kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine.

Uga wa sumaku wenyewe unatengenezwa na mambo mawili yakikutana: mchemko na mzunguko. Wanafizikia huuita mtambo huo dainamo, na kwa wakazi wa Tanga, mji wa baiskeli, jina hilo halihitaji mkalimani. Gurudumu likienda kasi taa ya mbele inawaka sana, ukipunguza mwendo inafifia, ukisimama, giza. Nyota nayo iko hivyo. Ikizunguka kasi inakuwa na sumaku kali, kromosfia iliyochangamka na eksirei nyingi. Na nyota hazizunguki kwa kasi moja maisha yote, kwa sababu upepo unaotoka kwao hupunguza mzunguko kidogo kidogo. Andrew Skumanich alilionyesha hilo mwaka 1972: umri wa nyota mfano wa Jua ukiongezeka mara nne, kasi ya mzunguko wake hupungua kwa nusu. Jua letu, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, linazunguka mara moja kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake. Ni dainamo ya mzee wa makamo.

Namna ya kuyaona haya

Kromosfia inaweza kuchunguzwa kutoka ardhini. Mwanga wa nyota ukitawanywa rangi kwa rangi, kwenye zambarau ya mwisho, nanomita 393.4 na 396.8, kuna mistari miwili mipana ya giza. Ni ya kalsiamu. Mistari hiyo ni giza kwa sababu gesi ya juu kidogo ya uso, iliyo baridi zaidi, inameza mwanga unaotoka chini. Lakini katikati kabisa ya kila mstari mara nyingi kuna kijimwanga. Kijimwanga hicho ndicho kromosfia: kuna gesi huko juu zaidi iliyopata joto tena. Olin Wilson, kwenye mlima Wilson huko California, alianza mwaka 1966 kuifuatilia mistari hiyo kwenye nyota nyingi, mwaka baada ya mwaka, akaona nyota nyingine zikipanda na kushuka kwa mizunguko kama ule wa miaka 11 wa madoa ya Jua.

Kabla ya hapo, mwaka 1957, Wilson na Vainu Bappu wa India walitangaza jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote katika habari hii. Upana wa kijimwanga cha kalsiamu unafuata ung'avu halisi wa nyota: kwenye nyota ndogo ni chembamba, kwenye jitu ni kipana, kwenye jitu kuu ni kipana zaidi. Ukali wake haubadilishi kitu hapo. Kwa hiyo mstari mmoja unakupa habari mbili zisizoingiliana, upana ukisema nyota ni kubwa kiasi gani na ukali ukisema imechangamka kiasi gani.

Eksirei ni kazi nyingine. Ukivunjika mkono ukapelekwa Bombo, eksirei za pale zina nguvu ya kupenya nyama. Zinazotoka kwenye korona za nyota nyingi ni laini kuliko hizo, na zinakutana na angahewa yote ya Dunia, ambayo kwa uzito ni sawa na kuzamishwa chini ya mita kumi za maji, pima tano na ushei. Hazifiki. Lazima uzifuate juu.

Na hapa pwani yetu ina sehemu yake. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini kaskazini ya Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani tu, ikapewa jina Uhuru. Pwani ilichaguliwa kwa hesabu. Ukirusha karibu na ikweta unapata msukumo wa mzunguko wa Dunia bure, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa eneo la Atlantiki ya Kusini lenye chembechembe zinazovuruga vipimo. Uhuru ilikusanya vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Vingi kati ya vyanzo hivyo ni mabaki ya nyota zilizokufa yanayonyonya gesi ya wenzao. Majitu ya kawaida yalikuwa dhaifu mno kwa vyombo vyake.

Korona ya kwanza nje ya Jua ilipatikana mwaka 1974, kwa roketi ndogo iliyopanda na kushuka, na ilikuwa ya Capella, nyota ya kaskazini ambayo kutoka Tanga huonekana jioni za Januari na Februari. Capella si nyota moja bali majitu mawili ya njano, kila moja na uzito wa mara mbili na nusu ya Jua, yakizungukana kwa siku 104. Sehemu kubwa ya gesi yake ya moto ina nyuzi milioni sita hivi. Basi majitu yanaweza kuwa na korona. Tatizo likawa kwamba baadhi hayana.

Mstari unaokata

Satelaiti ya IUE, iliyorushwa Januari 1978, ilipima mionzi ya urujuanimno. Mwaka uliofuata Jeffrey Linsky na Bernhard Haisch waliyapanga majitu kwa rangi, kutoka njano kwenda nyekundu, wakaona kitu kama mpaka. Majitu ya upande wa njano yalikuwa na gesi ya nyuzi laki moja, ile inayokaa kati ya kromosfia na korona. Yaliyozidi wekundu hayakuonyesha gesi hiyo. Satelaiti ya Einstein, iliyorushwa Novemba mwaka huohuo wa 1978, ilipoleta vipimo vya eksirei, mpaka ulijitokeza tena karibu palepale. Ng'ambo ya pili ya mpaka palikuwa na kitu kingine badala ya korona: upepo mzito, wa baridi, unaokwenda polepole. Upepo wa Jua hukimbia kilomita 400 kwa sekunde. Wa majitu mekundu huenda makumi machache tu ya kilomita kwa sekunde, ila unabeba gesi nyingi kupita kiasi.

Arcturus iko ng'ambo tu ya mpaka huo. Ni jirani, umbali wa miaka nuru 37 hivi, kwa hiyo kama ingekuwa na korona ya maana tungeiona.

Sababu ya kwanza inakujia yenyewe: dainamo imepunguza mwendo. Nyota ikivimba mzunguko hupungua, na kwa hesabu ya haraka, kipenyo kikizidi mara 25 muda wa mzunguko mmoja huzidi mara 25 kwa 25, yaani 625. Ungelivimbisha Jua hivyo, lingezunguka mara moja kwa zaidi ya miaka 40. Arcturus kwa kweli huzunguka kwa miaka miwili hivi. Hesabu ya haraka inakosea kwa kuwa jitu halizunguki kama jiwe moja; vipimo vya darubini ya Kepler vilionyesha mwaka 2012 kwamba kiini cha jitu jekundu kinaweza kuzunguka mara kumi au zaidi ya kasi ya uso. Hata hivyo miaka miwili ni mwendo wa kobe, na taa inafifia.

Sababu ya pili ni mvutano. Uzito wa Arcturus unakaribiana na wa Jua lakini umetandazwa katika mwili mkubwa, hivyo mvutano usoni pake ni dhaifu mara 600 hivi kuliko kwenye Jua. Gesi inayopashwa joto huko haikai kungoja ifike nyuzi milioni. Inaondoka ikiwa bado ya uvuguvugu, na ndiyo ule upepo mzito.

Mwanaanga Thomas Ayres na wenzake waliliita eneo la ng'ambo ya mpaka makaburi ya korona. Satelaiti ya ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, iliikodolea Arcturus kwa muda mrefu isipate kitu. Kisha ikaja satelaiti ya Chandra, darubini ya eksirei yenye jicho kali zaidi, na mwaka 2003 Ayres na wenzake wakatangaza kwamba wamepata fotoni (chembe za mwanga) chache za kuhesabika kwa vidole, mahali hasa ilipo Arcturus. Ukilinganisha na nishati yote inayotolewa na nyota hiyo, eksirei zake ni maelfu ya mara chini ya sehemu inayotolewa na Jua. Lakini si sifuri.

Darubini ya Hubble ilitoa kipande kilichokosekana. Katika urujuanimno wa Arcturus na wa Aldebaran, ile nyekundu iliyo karibu na Kilimia, kulikuwa na mistari ya gesi ya nyuzi laki moja ambayo vyombo vya nyuma havikuweza kuishika. Na mistari hiyo ilikuwa imeng'atwa: vipande vyake vilimezwa na gesi ya baridi iliyoko juu yake. Maelezo yanayoendana na hayo ni kwamba matao ya sumaku yapo bado, mafupi na machache, lakini kromosfia ya jitu imenenepa hata ikayafunika. Kwenye Jua matao hutokeza juu ya kromosfia, eksirei zikatoka huru. Kwenye jitu yamezama ndani yake, na haidrojeni ya baridi humeza eksirei kabla hazijatoka. Kwa maneno ya Ayres, korona hizo zimezikwa zikiwa hai. Mimi nakubaliana naye, japo nadhani watu huisahau nusu ya kwanza ya jambo: hata ungeondoa kifuniko, dainamo ya Arcturus ingebaki dhaifu.

Unene huo si wa kubahatisha. Mwaka 2020 watafiti waliotumia darubini za redio za ALMA huko Chile na VLA huko Marekani walichora ramani ya joto kuizunguka Antares. Kromosfia yake inafika hadi mara mbili na nusu ya nusukipenyo cha nyota yenyewe, wakati ya Jua ni kama sehemu moja kwa mia mbili ya nusukipenyo chake. Na ni ya uvuguvugu, joto lake la juu likiwa nyuzi 3,500 hivi.

Wasioufuata mstari

Ukiniuliza wapi pa kujifunza, nitakwambia kwa wakaidi. Zeta Andromedae ni jitu lililofungamana na nyota mwenzi, wakizungukana kwa siku 18 hivi, na mvuto wa mwenzi unalilazimisha jitu lizunguke kwa muda huohuo. Gurudumu linasukumwa kwa nguvu ya mwingine, na taa inawaka: eksirei nyingi, na madoa meusi makubwa yaliyopigwa picha mwaka 2016 na darubini za CHARA, likiwemo doa lililokalia ncha ya kaskazini, mahali ambapo Jua halina madoa. Nyota za jamii hii huitwa RS Canum Venaticorum, na ni miongoni mwa korona kali kupita zote.

FK Comae haina mwenzi, lakini huzunguka kwa siku 2.4, kasi ya wazimu kwa jitu. Inadhaniwa zilikuwa nyota mbili zikaungana, na mzunguko wa wote wawili ukaachiwa mmoja. Diphda, katika kundi la Nyangumi, haina mwenzi wala haizunguki kwa kasi, na bado eksirei zake zinalizidi Jua kwa mbali. Kwake inashukiwa ni urithi: huenda ujanani ilikuwa nyota ya ile jamii yenye sumaku kali ya kuzaliwa nayo, na ilipovimba sumaku hiyo haikuisha yote.

Ndiyo maana mtu akikuta eksirei kwenye jitu jekundu sana, la kwanza ni kumtafuta jirani. Baadhi ya majitu yana kibete cheupe pembeni, yaani kiini kidogo kilichobaki cha nyota iliyokufa, kinachonyonya upepo wao, na gesi inayodondokea kibete hupata joto la kutosha kutoa eksirei zenyewe; jitu linasifiwa kwa kazi isiyo yake. Mira, jitu linalong'aa na kufifia kila baada ya miezi 11 hivi, ina jirani wa namna hiyo, na kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba eksirei zote za pale ni za huyo jirani. Desemba 2003 Chandra iliwatenganisha kwa mara ya kwanza, na katika uchunguzi huo ikashika mlipuko wa eksirei. Ulitoka upande wa jitu.